Mazda RX-7: Gari linalohitaji ubaridi kabla ya kuongezwa nguvu

TUSEME kijana amelipata gari alilolitamani tangu utotoni: Mazda RX-7 iliyoundwa mwaka wa 1994, nyekundu, yenye injini ya rotari na tabo mbili, yaani vile vifaa vinavyozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Wiki ya kwanza anang'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga bomba pana lisilo na kichujio cha moshi. Wiki ya pili anaondoa sanduku la kichujio cha hewa na kuweka vichujio vya wazi. Gari linanguruma, linachomoka kuliko awali, naye anaamini amepata nguvu za bure.

Kisha usiku mmoja wa baridi, barabara ikiwa tupu, anakanyaga mafuta hadi mwisho akiwa katika gia ya nne. Mshale wa geji ya tabo unapanda kupita alipouzoea. Injini inasita mara moja, kama mtu aliyepaliwa, halafu nguvu zinapotea. Analiegesha gari pembeni nalo linatetemeka lote. Akilizima, haliwaki tena ila kwa taabu. Ndani ya injini, kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2 kimevunjika, na sasa injini nzima sharti ifunguliwe.

Kisa hiki nimekibuni, lakini si kigeni kwa yeyote aliyewahi kuzishughulikia injini hizi, awe Japani, Australia au New Zealand. Swali lake ndilo linalostahili kujibiwa: kwa nini mabadiliko ambayo katika gari jingine yangeleta kelele tu na nguvu kidogo yaliiua injini hii kwa sekunde moja?

Jibu limo katika umbo la injini yenyewe. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Injini ya rotari haina pistoni wala vali. Ndani ya nyumba ya chuma yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni huzunguka rota, ambayo ni pembetatu nene iliyofura kidogo mbavuni. Ncha zake tatu huugusa ukuta wa nyumba hiyo wakati wote, hivyo huigawa nafasi iliyomo kuwa vyumba vitatu. Rota inapozunguka, kila chumba hupanuka na kunywea kwa zamu: huvuta hewa na petroli, huvibana, huvichoma, kisha hutoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti ya katikati huzunguka mara tatu, na katika kila mzunguko wa shafti kila rota hupata mwako mmoja. Hakuna kitu kinachokwenda, kikasimama, kikarudi. Ndiyo maana injini hii ni ndogo, ni nyepesi, na hufikia mizunguko 8,000 kwa dakika bila kuonekana kuchoka.

Wazo hilo ni la Mjerumani Felix Wankel, aliyepata hataza yake ya kwanza mwaka wa 1929. Kampuni ya NSU ya Ujerumani ililiendeleza katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1961 Mazda, ambayo wakati huo ikiitwa Toyo Kogyo, ikatia sahihi mkataba wa kulitumia. Kule Hiroshima kazi ilikabidhiwa Kenichi Yamamoto na wahandisi wenzake, jumla yao 47. Walichokutana nacho mapema kilikuwa cha kukatisha tamaa. Kila walipoifungua injini ya majaribio waliukuta ukuta wa ndani umeparuzwa mistari mistari, wakaiita alama hiyo kucha za shetani. Iliyokuwa ikiparuza ni sili za ncha, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokaa kwenye vifuo katika ncha za rota, vikisukumwa na springi ili kuzuia hewa ya chumba kimoja isipenye kwenda cha pili.

Walizishinda kucha hizo kwa kubadilisha umbo la sili na kuziunda kwa mchanganyiko wa kaboni na alumini. Gari lao la kwanza la rotari, Cosmo Sport, likaingia sokoni mwaka wa 1967. RX-7 ya kwanza ilifuata mwaka wa 1978. Hii tunayoizungumzia, ya kizazi cha tatu, ambayo mashabiki huiita FD kutokana na nambari yake ya kiwandani, ilizinduliwa mwaka wa 1991. Huo ndio mwaka ambao Mazda 787B yenye rota nne ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, ikiendeshwa na Volker Weidler, Johnny Herbert na Bertrand Gachot. Hakuna kampuni ya Japani iliyokuwa imewahi kuyashinda kabla yake.

Utengenezaji wa FD uliendelea hadi Agosti 2002. Ilianza na nguvu za farasi 255, ikapanda hadi 265 mwaka wa 1996, na kufikia 1999 toleo lenye nguvu zaidi lilikuwa na 280, kikomo ambacho kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana kutokivuka. Gari lenyewe lina uzito wa takriban kilo 1,300 tu. Kila rota ina nafasi ya sentimita za ujazo 654, hivyo injini nzima ni ya 1,308. Wakusanya ushuru wa Japani hawakukubali kudanganyika kwa udogo huo. Sheria yao huizidisha hesabu ya rotari kwa 1.5, kwa hivyo gari hili hulipiwa kama lenye 1,962. Nimekuwa nikiipenda hesabu hiyo kwa muda mrefu, maana inakiri jambo ambalo tangazo la biashara lisingekiri: kwamba injini hii inakula na kufanya kazi kama kubwa.

Na inapokula, hutoa joto. Chumba cha mwako cha rotari ni kirefu na chembamba, tena kinasogea wakati moto unawaka ndani yake. Ndiyo sababu kila rota ina plagi mbili, ya mbele na ya nyuma, ambazo hazitoi cheche kwa wakati mmoja. Hata hivyo moto haumalizi kazi yake vizuri, na mlango wa moshi unapofunguka gesi hutoka zingali kali mno. Kwa tabo, huo ni mlo mnono, kwa kuwa moshi wenye joto na kasi huizungusha vyema. Kwa injini, ni mateso. Zaidi ya hayo, mwako hutokea upande ule ule wa nyumba daima na hewa baridi huingia upande ule ule daima, kwa hivyo upande mmoja wa injini hupanuka kwa joto kuliko mwingine. Sili za mpira zinazouzuia maji ya kupozea zimekaa katikati ya mvutano huo.

Wahandisi wa Mazda waliipa FD tabo mbili zinazofanya kazi kwa zamu. Injini ikizunguka polepole, moshi wote huelekezwa kwa tabo ya kwanza ili iamke haraka. Ikifikia mizunguko 4,500 hivi, ya pili huingizwa. Shinikizo la kiwandani ni takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba, kipimo kile kile tunachotumia kwa magurudumu, na hushuka kidogo kwa muda mfupi wakati tabo ya pili inapoingia. Zamu hiyo huongozwa na vali ndogo ndogo na mipira mingi myembamba iliyosokotana chini ya bomba la hewa. Gari likiwa jipya, ni kazi ya kupendeza. Baada ya miaka 30 ya kupikwa na joto, mipira hiyo hukauka ikawa kama makaroni, na mmoja ukipasuka au kuchomoka, tabo ya pili haiji, au huja kwa kishindo.

Sasa turejee kwa kijana wetu.

Aliposhusha bomba la zamani na kutia lililo pana, moshi ulipata njia nyepesi. Tabo zikazunguka kwa kasi zaidi. Kila tabo huwa na mlango wa kando wa kupitishia moshi wa ziada ili shinikizo lisizidi kipimo, na katika FD mlango huo ni mdogo. Ulitosha kwa ekzosi ya kiwandani. Kwa bomba la wazi hautoshi, kwa hivyo shinikizo huendelea kupanda hata mlango ukiwa umefunguka wote. Vichujio vya wazi navyo viliongeza hewa nyingine. Isitoshe, usiku ule ulikuwa wa baridi, na hewa ya baridi ni nzito, kila lita yake ina oksijeni zaidi. Kompyuta ya gari iliandikwa kwa ajili ya kiasi cha hewa cha kiwandani. Ina kinga ya kukata petroli shinikizo likivuka mpaka, lakini kabla ya kufika hapo huwa kuna eneo la hatari ambamo hewa ni nyingi na petroli haitoshi.

Petroli ikiwa haba, mwako huwa mkali kupita kiasi. Sehemu ya mchanganyiko hujilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mafundi wetu huita hali hiyo kugonga. Katika injini ya pistoni, kugonga mara moja au mbili aghalabu husamehewa, na dereva mwenye sikio huondoa mguu. Katika rotari, pigo hilo huangukia sili ya ncha, ambayo ndiyo kiungo chembamba kuliko vyote. Ikivunjika, vyumba viwili inavyovitenga hupoteza mbano kwa pamoja. Kipande kilichokatika huburutwa ukutani, huuchimba, kisha hutoka kwa mlango wa moshi na kwenda kuyapiga mapanga ya tabo. Kosa moja, hasara tatu.

Ndiyo maana walioishi na magari haya kwa miaka mingi hufuata mpangilio unaomshangaza mgeni. Nguvu huja mwisho. Mwanzo ni kupima.

Kipimo cha kwanza ni cha mbano, na si kila karakana inayoweza kukifanya. Kifaa cha kawaida cha kupimia silinda hukamata shinikizo kubwa kuliko yote na kulishikilia. Rota ina nyuso tatu, kwa hivyo uso mmoja mzima unaweza kuzificha mbili mbovu. Kipimo cha rotari huonyesha kila uso peke yake. Asiye nacho huondoa vali ndogo inayoshikilia hewa katika kifaa cha kawaida, kisha hutazama mshale ukiruka: miruko mitatu iliyo sawa ni habari njema, mmoja ukiwa mfupi kuna sili imelegea. Injini yenye afya husoma karibu na kilo 8 kwa sentimita ya mraba, na inayosoma 6 iko ukingoni. Kumwongezea tabo mgonjwa wa aina hiyo ni kumpeleka kaburini.

Ushauri huu una faida kwa msomaji wa hapa nyumbani pia. Kanuni inayozuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane iliifungia FD mlango tangu mwaka wa 2010, na RX-8, ndugu yake mdogo asiye na tabo ambaye utengenezaji wake ulikoma 2012, alifungiwa kufikia 2020. Zilizomo nchini ni zile zile zinazobadilisha mikono. Anayeuziwa RX-8 kwa bei ya kushangaza na aombe kipimo cha mbano cha nyuso zote sita kabla hajatoa hata senti moja. Gari la rotari linaloleta shida ya kuwaka injini ikiwa moto linajaribu kukuambia kitu.

Baada ya kupima ni zamu ya maji. FD za mwanzo zilikuwa na tangi dogo la plastiki la kutenganisha maji na hewa. Plastiki hiyo hupasuka kwa uzee, maji yakamwagika bila dereva kujua. Huondolewa na kuwekwa la alumini. Rejeta ya kiwandani nayo ina vichwa vya plastiki, na wengi huweka ya alumini iliyo nene zaidi. Feni za kiwandani huamka maji yakiwa yamefika nyuzi 105, kiwango kinachofaa sheria za moshi kuliko kinavyofaa sili za mpira, kwa hivyo hurekebishwa ziamke mapema. Mipira ile myembamba hubadilishwa yote kwa ya silikoni, kazi ya siku mbili tatu kwa mwenye vidole vya subira. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni injini nzima.

Geji ya joto ya kiwandani isiaminiwe. Iliundwa ikae katikati kwa muda mrefu ili isimtie dereva hofu, na inapoanza kupanda mambo huwa yameharibika. Geji tatu zinatosha: ya joto la maji, ya shinikizo la tabo, na ile inayosoma uwiano wa hewa na petroli katika moshi. Hii ya tatu ndiyo ghali, na ndiyo ambayo vijana huiruka.

Hewa pia huhitaji kupozwa. Hewa ikibanwa hupata joto, kama anavyojua yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa na tabo hadi pauni 10 inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 100. Kipoza hewa cha FD, ambacho ni mfano wa rejeta ndogo inayopitishwa hewa hiyo kabla ya kuingia katika injini, ni kidogo, na foleni moja ya magari hutosha kukijaza joto. Kukibadilisha kwa kikubwa zaidi hakumpi dereva msisimko wowote wa siku hiyo. Lakini kila nyuzi inayopunguzwa hapo huisogeza mbali ile hatari ya kugonga.

Mwinuko wa nchi nao una neno lake. Mombasa, usawa wa bahari, hewa hutukandamiza kwa pauni 14.7. Nairobi, takriban mita 1,700 juu, ni pauni 12 hivi. Ili injini ipate Nairobi hewa ile ile iliyoipata pwani, tabo yapaswa kuibana maradufu badala ya mara 1.7, nayo huzunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Mtu aliyerekebishiwa gari pwani akapanda nalo bara, au aliyelirekebisha bara akateremka nalo, hana budi kurudi kwa fundi.

Hapo sasa ndipo kompyuta na petroli huingia. FD hutoka kiwandani na injekta nne, mbili za mililita 550 kwa dakika na mbili za 850. Hutosha kwa nguvu za kiwandani na ziada kidogo. Anayelenga nguvu za farasi 400 sharti aweke kubwa zaidi pamoja na pampu ya petroli inayoweza kuzilisha. Kompyuta ya kiwandani haiandikiki upya kwa urahisi, kwa hivyo hubadilishwa. Ile ya Power FC iliyotengenezwa na A'PEXi ya Japani ndiyo iliyotumiwa na wengi kwa miaka kadhaa, kwa kuwa hujipachika palepale pa zamani. Za Haltech kutoka Australia zina uwezo mkubwa zaidi wa kuilinda injini, kwa mfano kupunguza nguvu zenyewe joto la maji likizidi.

Kompyuta mpya ikiwa haijafundishwa haina thamani. Gari hufungwa juu ya mashine yenye magurudumu ya chuma inayopima nguvu, na fundi huketi na tarakilishi mapajani. Huanza na shinikizo la chini, petroli nyingi kuliko inavyohitajika, na cheche iliyocheleweshwa. Hupanda hatua kwa hatua, akisubiri joto lishuke kati ya jaribio moja na jingine. Kwa hesabu ya kemia, petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa. Fundi wa rotari akiwa na shinikizo kamili hushika karibu na 11, akipoteza petroli kwa makusudi kwa sababu ile ya ziada hupoza chumba. Tofauti ya wakati kati ya cheche ya plagi ya mbele na ile ya nyuma nayo huipanua kwa tahadhari. Plagi zenyewe huwa za aina baridi zaidi.

Hapa ndipo fundi wa rotari hutengana na fundi mwingine. Wa injini ya pistoni hutafuta kikomo kwa kukigusa: huongeza cheche hadi asikie kugonga, kisha hurudi nyuma kidogo. Wa rotari hana ruhusa ya kukigusa kikomo hata mara moja, kwa kuwa mguso huo waweza kuwa ndio mwisho. Hufanya kazi gizani, akijua ukuta uko mbele bila kuupapasa. Binafsi ningemwamini anayesimama kwenye nguvu 330 na kusema inatosha, kuliko anayeahidi 500 kabla hajafungua boneti.

Kazi hizo zikikamilika, ile ekzosi pana aliyoanza nayo kijana wetu huwa ni nyongeza nzuri kabisa. Kuondoa kile kichujio cha kwanza cha moshi kilichobanana na tabo hata hupunguza joto chini ya boneti, pale sheria ya nchi inaporuhusu. Kitu kile kile, wakati tofauti.

Wengine hawatosheki hapo. Hung'oa tabo zote mbili na mipira yake na kufunga moja kubwa. Faida yake ni wepesi wa kutengeneza na nguvu zinazopita 400. Hasara yake ni kwamba tabo kubwa huchelewa kuamka, na lile gari lililokuwa likiitika mara moja mjini huwa na usingizi hadi injini izunguke sana. Wapo pia wanaoifungua injini na kuipanua milango ya hewa kwa kuchonga chuma. Ukichonga kwa kiasi, injini hupumua vizuri na maisha yake hayapungui sana. Wanaochonga mlango wa ziada juu ya ule wa kwanza, wakiacha ukanda mwembamba wa chuma katikati kama daraja, hupata ule mdundo wa kukatikakatika ambao mashabiki wa Puerto Rico na New Zealand huutambua kutoka mtaa wa pili. Nakiri unasisimua. Lakini huongeza ulaji wa petroli, hulifanya gari likatae kwenda polepole, na hukikaribisha kifo cha sili.

Kuhusu sili zenyewe, soko limejaa ahadi. Zipo za chuma laini zaidi ambazo hupinda badala ya kuvunjika, lakini baadhi yake huula ukuta. Zipo za kauri, nyepesi na za kudumu, zenye bei ya kutisha, ambazo zikipasuka huwa vigae. Zipo za milimita 3 badala ya 2. Fundi mzuri humuuliza mwenye gari atalitumiaje kabla ya kumchagulia, na akiambiwa ni la kwenda kazini humrudishia zile za Mazda.

Oili nayo isisahauliwe. Injini hii huchoma oili kwa kupangiwa: pampu ndogo hudondosha kiasi kidogo ndani ya vyumba ili sili zisikwaruze ukuta. Anayeona kiwango kikishuka asidhani injini imekufa, aongeze. Wengi huchanganya pia oili ya pikipiki, ya injini za mipigo miwili, ndani ya tangi la petroli, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Kwa aliyeiondoa pampu ile, kijiko hicho ni lazima.

Bei ya RX-7 imepanda tangu zilipokoma kuundwa, ikisaidiwa na sinema ya The Fast and the Furious ya mwaka wa 2001, ambamo moja nyekundu iliendeshwa na Vin Diesel. Mazda yenyewe haijaiacha rotari. Mwaka wa 2023 ilianza kuiuza MX-30 yenye rota moja ya sentimita za ujazo 830. Humo haizungushi magurudumu tena. Kazi yake ni kuzalisha umeme wa kujaza betri, ikizunguka kwa mwendo wa starehe bila tabo. Kampuni hiyo pia imeanza kuunda upya baadhi ya vipuri vya RX-7 za zamani, jambo lililowapa wenye magari haya afueni.

Afueni hiyo kijana wetu ataihitaji. Injini yake ikiwekwa mezani, fundi atauangaza ukuta wa rota ya nyuma kwa tochi na kupitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, nyumba hiyo haifai, na ndiyo kipande cha gharama kubwa kuliko sili zote. Mapanga ya tabo yatachunguzwa moja moja. Sili za mpira zitabadilishwa zote, hata zilizo nzima. Itakapofungwa tena, itatembezwa zaidi ya kilomita 1,000 bila kuruhusiwa tabo kufanya kazi kwa nguvu, ili sili mpya zijue ukuta wao. Kijana atakuwa nyuma ya usukani akitazama geji mpya ya maji kuliko anavyotazama ile ya mwendo, na rejeta ya alumini mbele yake. Lile bomba pana litakuwa limelala ghalani, likingojea siku kompyuta itakapofika.